Tomati ya zamani: mbegu inachaguliwa shambani, haichaguliwi kwenye sahani



Leo tunataka kuzungumza juu ya tomati munayoijua vizuri, lakini haionekani tena sana sokoni: ile tomati ya nyuma ya nyumba. Iko pana, imekaa chini kama mkate, na mikunjo inazunguka pale kwenye kikonyo. Ngozi yake ni laini, maji mingi, na ukiikata kwa sombe ama kwa samaki, harufu inafika mpaka nje. Wengine wanaiita tomati ya kienyeji, wengine tomati ya bibi. Sisi hapa tutaiita tomati ya zamani. Iko na mdogo wake pia: ile ndogo ya mviringo, inayojiotea kwenye jalala na kando ya zizi la mbuzi bila mtu kuipanda.

Tunapopita kwa ushirika, kuanzia vilima vya Kabare na Walungu mpaka chini kwenye uwanda wa Ruzizi, watu wengi wanatuambia kwamba walikuwa nayo na sasa hawana. Tukiuliza ilipotea namna gani, hakuna anayeweza kutaja siku. Hakuna mtu aliyeitupa. Hakuna ugonjwa mmoja ulioimaliza. Ilipungua nguvu, ikawa ndogo, ikazaa vibaya, halafu msimu moja mama akanunua kopo la semensi dukani, na mambo yakaisha hapo.

Tunaandika makala hii juu ya kuonyesha kwamba tomati hiyo haikufa yenyewe. Ilikufa juu ya namna tunavyochukua mbegu. Na namna hiyo inaweza kubadilishwa na kila nyumba, bila kulipa hata franga moja.

Tomati ya zamani ni ipi?

Kwanza tuseme ukweli: tomati yoyote haikuzaliwa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes, na watu wa Mexico ndio waliokuwa wakiilima wakati Wahispania walifika huko katika karne ya 16. Hata jina «tomati» linatoka kwa neno lao, tomatl. Kutoka Ulaya ilisambaa dunia nzima, na kwetu iliingia bustanini na jikoni mpaka leo hatuwezi kufikiri mboga bila yake.

Kwa hiyo tunaposema tomati ya zamani, hatusemi tomati iliyoumbwa hapa. Tunasema tomati ambayo familia imeipanda miaka mingi, ikachukua mbegu, ikapanda tena, na watoto wanafanana na wazazi. Hata aina zenye majina ziko hivyo. Marmande ni jina la muji mmoja wa kusini-magharibi ya Ufaransa, na ni tomati pana yenye mikunjo. Roma ilitoka Marekani katika miaka ya 1950, iko ndefu kama yai na ngozi ngumu. Hizo zote mbegu yake unaweza kuichukua na kuipanda tena.

Ibridi ni kitu kingine. Kwenye kopo lake munaona wameandika F1. Pale watu wa kampuni walichanganya baba wa aina moja na mama wa aina nyingine, na mtoto wa kwanza anatoka na nguvu. Lakini ukichukua mbegu ya huyo mtoto, wajukuu wanatawanyika: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja anazaa, mwingine anakataa. Munajua jambo hilo tayari kwa mahindi ya ibridi. Kwa tomati ni vile vile.

Soma kopo mbele ya kulipa. Kama kuna F1, ujue umenunua msimu moja. Kama hakuna F1, umenunua mbegu ambayo inaweza kuwa yako kwa maisha.

Juu ya nini tuichunge?

Hatusemi kwamba ibridi ni adui. Mtu anayelima tomati ya kupeleka Bukavu ama Goma kwa lori anahitaji tunda gumu lisilopasuka njiani, na ibridi nyingine ziko na nguvu ya kupinga magonjwa fulani. Tomati ya zamani haipendi safari. Ngozi inapasuka, na ukiipanga kwenye basini siku tatu, ya chini inakuwa supu. Mwenye kuilima yote kwa soko la mbali atapata hasara, na hatutaki kumdanganya mtu.

Lakini bustani ya nyumbani haitafuti lori. Inatafuta chakula cha kila siku, kidogo cha kuuzia jirani, na mbegu ya msimu unaokuja. Hapo tomati ya zamani iko nyumbani kwake. Miti mirefu inazaa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, si yote siku moja, na hiyo ndiyo jiko linataka. Ikiwa nzito leo, unakula leo.

Na kuna sababu kubwa zaidi. Karibu makopo yote ya semensi ya mboga yanatoka mbali na yanavuka mpaka. Yanalipwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2025 benki za Goma na Bukavu zilifunga milango, na kila mmoja wetu aliona namna pesa ilikuwa ngumu kupatikana na namna bidhaa zilichelewa barabarani. Mvua haingojei barabara ifunguliwe. Wakati duka linasema semensi imekwisha, mwenye chupa ndogo ya mbegu chini ya kitanda anapanda kwa wakati. Hata yule anayelazimika kuhama, mbegu ya bustani nzima inaingia kwenye fundo la kitambaa.

Tufanye hesabu. Gramu moja ya mbegu ya tomati ni kama mbegu 300. Tomati moja ya wastani inatoa mbegu 100 ama zaidi. Ushirika wa watu 40, kila nyumba na miti 10, unahitaji miche 400. Tukipanda mara mbili ya hiyo juu ya zile zitakazokosa kuota, ni mbegu 800. Maana yake: tomati 10 zilizochaguliwa vizuri zinatosha bustani za ushirika wote.

Tomati kumi tu. Lakini kumi gani? Hapo ndipo tatizo linaanza.

Namna mbegu inaharibika bila mtu kuona

Tuangalie kile kinachofanyika katika nyumba nyingi. Tomati zinaanza kuiva. Za kwanza, kubwa, nzuri, zinaenda sokoni, juu ya mtoto anahitaji daftari na sabuni imekwisha. Za pili zinaliwa. Mwisho wa msimu, mti umechoka, majani yameungua na mildiu, kunabaki tomati tatu ndogo zenye madoa. Mama anasema: hizi haziwezi kuuzwa, tuzifanye mbegu.

Ama inafanyika jikoni: wakati wa kukata mboga, anakamua mbegu za tomati moja kwenye ukuta ama kwenye gazeti. Ile tomati ilitoka mti gani? Hakuna anayejua. Pengine tunda lilikuwa zuri, lakini mti wake ulitoa hilo moja tu na kukauka.

Fanya hivyo miaka mitano ama kumi. Kila mwaka unauza watoto wa miti yenye nguvu na unapanda watoto wa miti migonjwa. Mwishoni unasema tomati ya zamani imezeeka. Haikuzeeka. Ulichagua wagonjwa, ukapata wagonjwa.

Mfugaji wa mbuzi hafanyi hivyo. Beberu wa kuzalisha anachaguliwa angali zizini, mtu anaangalia miguu, mwili na mama yake. Hakuna anayengoja mpaka mbuzi wote wazuri wauzwe ndipo aseme yule kilema aliyebaki atakuwa baba wa zizi. Tomati inataka heshima ile ile.

Kamba nyekundu

Njia tunayowafundisha ni rahisi. Tafuta kitambaa chekundu kilichochakaa, kikate vipande. Wakati tomati zinaanza kufunga matunda, mbele ya soko kuanza, pita katika bustani asubuhi na uangalie mti mzima, si tunda tu. Mti wa mbegu uwe hivi:

– uko na afya, majani hayana madoa mengi wakati majirani wake wameungua;
– unazaa mingi, na matunda yanafanana;
– umbo la tunda ni lile la aina yako: kama ni pana yenye mikunjo, liwe pana na mikunjo;
– hauko peke yake pembeni kwenye jalala ama karibu na kinyesi, juu pale hata mti dhaifu unaonekana na nguvu.

Mti kama huo unaufunga kamba nyekundu. Chagua miti 5 ama zaidi, usichague mmoja tu. Halafu waambie watu wote wa nyumbani, na zaidi watoto: tomati ya kamba nyekundu haichumwi. Haiuzwi, hailiwi mbele ya kutoa mbegu. Kwa kila mti acha matunda mawili ama matatu, yale ya shada la pili na la tatu, wakati mti uko na nguvu yake. Mengine ya mti huo munaweza kuuza.

Najua munachosema moyoni: kuacha tomati nzuri kwenye mti wakati nyumbani kuna njaa ya pesa ni vigumu. Ni kweli. Lakini tunazungumza juu ya tomati kumi kwa msimu mzima. Na nyama yake haipotei: ukisha kutoa mbegu, tomati inaingia kwenye sufuria.

Liache tunda liive kabisa mtini, mpaka lilegee kidogo. Mbegu ya tunda la kijani haijakomaa.

Kutoa mbegu: kazi ya siku tatu

Mbegu ya tomati imevikwa utelezi kama jicho la samaki. Utelezi huo unazuia mbegu kuota ikiwa ndani ya tunda, na unaweza kubeba magonjwa. Mbegu ikikaushwa na utelezi wake, inaota polepole na vibaya. Kuchachusha kunauondoa.

1. Kata tomati katikati, upande wa kiuno, si wa kichwa. Kamua mbegu pamoja na maji yake ndani ya kikombe ama chupa iliyokatwa. Usiongeze maji, ama ongeza kidogo sana kama ni kavu.

2. Funika kwa kitambaa ili inzi wasiingie, na uweke kivulini. Koroga asubuhi na jioni. Kwenye joto la Uvira siku 2 zinatosha. Kwenye baridi ya milimani siku 3 ama 4. Itanuka kama pombe iliyochacha, na juu kutakuja povu na ukungu mweupe. Usiogope, ndiyo kazi inaendelea.

3. Usipitishe wakati. Ukiiacha wiki nzima, mbegu zinaanza kuota ndani ya kikombe na zinapotea.

4. Mimina maji safi, koroga, ngoja kidogo. Mbegu nzuri zinazama. Zile zinazoelea ni tupu. Zimwage pamoja na uchafu. Rudia mara tatu ama nne mpaka maji yawe safi.

5. Tandaza mbegu kwenye sahani ama kitambaa kigumu, safu moja. Usitumie karatasi, zitashika na hautazibandua tena. Kausha kivulini penye upepo kwa siku 5 mpaka 7, ukizigeuza kila siku. Usiziweke kwenye mabati ya moto wala karibu na mbabula: joto kali linaua mbegu, na kwa macho hautaona tofauti.

Mbegu iliyokauka vizuri inateleza mkononi na ina manyoya madogo ya kijivu.

Kuchunga mbegu

Adui wa mbegu ni wawili: unyevu na joto. Weka mbegu ndani ya bahasha ya karatasi, andika jina la aina, kijiji, na mwezi na mwaka wa kuvuna. Usiseme utakumbuka. Msimu mbili zikipita, bahasha zote zinafanana.

Weka bahasha ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachofunga vizuri. Chini ya chupa weka vijiko viwili vya mchele uliokaangwa bila mafuta mpaka ukauke kabisa, na ukapoa. Mchele huo unakunywa unyevu wa ndani. Weka chupa mahali pa giza na baridi, mbali na jiko. Mbegu ya tomati iliyochungwa hivyo inaweza kukaa miaka 4 na bado inaota.

Mbele ya kupanda, jaribu. Hesabu mbegu 20, ziweke katikati ya kitambaa chenye maji kidogo, ndani ya sahani iliyofunikwa. Ngoja siku 7 mpaka 10. Zikiota 16 ama zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 10, panda mara mbili. Zikiota chini ya hapo, omba kwa mwenzako. Ni heri kujua hivyo ndani ya sahani kuliko kungoja pepinieri tupu wakati mvua imeshaanza.

Bustani ya tomati ya zamani

Mbegu nzuri katika bustani mbaya haisaidii. Tukumbushe mambo ya lazima.

Pepinieri: tuta la upana wa metre 1, udongo uliolainishwa na mboji iliyooza. Chora mistari ya sentimetre 10, panda mbegu kina kisichozidi sentimetre 1, funika kwa majani makavu. Zikianza kuota, ondoa majani siku hiyo hiyo na ujenge kivuli kidogo juu. Punguza miche iliyobanana. Hamisha baada ya wiki 4 mpaka 5, mche ukiwa na majani 4 mpaka 6, saa ya jioni.

Mahali: usipande tomati pale ulipotoa viazi mviringo, bilinganya, pilipili, tumbako ama tomati nyingine. Ni familia moja na wanaambukizana. Fuata baada ya maharagwe, mahindi, vitunguu ama kabichi.

Nafasi: miti mirefu inataka sentimetre 60 kati ya mti na mti, na metre 1 kati ya mistari. Munapenda kubananisha ili kupata mingi. Munapata mildiu mingi. Weka makonzi mawili ya mboji kwa kila shimo, na zika shina mpaka karibu na majani ya kwanza, juu litatoa mizizi mipya.

Mti wa kushikilia: tomati ya zamani ni ndefu, haitasimama yenyewe. Simika mti wa metre 2 na funga kwa kamba ya mgomba, ukipitisha kama namba 8 ili shina lisikatike. Toa vichipukizi vinavyotoka kwenye kwapa la jani vikiwa vidogo, bakiza shina moja ama mawili.

Maji: mwaga kwenye mguu, si juu ya majani, na asubuhi kuliko jioni. Ukinywesha mingi leo na kusahau siku nne, tunda litapata kitako cheusi. Watu wanadhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalsiamu ambayo haikufika kwenye tunda juu ya maji yasiyo sawa. Tandaza majani makavu chini, yatachunga unyevu na kuzuia mvua isirushe udongo juu ya mti.

Magonjwa mawili yanayoua bustani

Mildiu inapenda baridi na mvua, na msimu A kwenye milima yetu ni sikukuu yake. Madoa ya kijani-kahawia kwenye majani, kama yalimwagiwa maji ya moto, na ukungu mweupe chini ya jani asubuhi. Ndani ya siku chache bustani inakauka. Ondoa majani ya chini mpaka sentimetre 30 kutoka udongo, acha hewa ipite, na kama unaweza, jenga paa dogo la sashe nyeupe juu ya mstari. Kwa bustani ya miti 10, paa hilo linafanya kazi kubwa. Kama mutatumia dawa ya shaba ama mankozebu, ipigwe mbele ya ugonjwa kuenea, na muheshimu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye dawa mbele ya kuchuma. Kupiga dawa leo na kuuza kesho ni kumlisha jirani sumu.

Mnyauko wa bakteria ni mbaya zaidi. Mti ulio kijani unalegea mchana kama umekosa maji, na baada ya siku chache hauamki tena. Kata shina karibu na udongo, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa mti na udongo wa mizizi, uchome, usiutupe kwenye mboji. Safisha jembe. Mahali hapo pasipandwe tomati wala ndugu zake kwa miaka mingi. Na usichukue mbegu kwenye mstari huo hata kama mti wa pembeni unaonekana mzima.

Maswali munayotuuliza mara nyingi

*Kama nimepanda aina mbili pamoja, mbegu haitachanganyika?* Kidogo. Ua la tomati liko na baba na mama ndani yake, na kawaida linajizalisha lenyewe. Lakini nyuki anaweza kuleta unga wa aina nyingine, na maua ya tomati fulani za zamani yako wazi zaidi. Tenga aina mbili kwa hatua 10 ama zaidi, ama panda maharagwe ya kupanda juu ama mahindi katikati.

*Naweza kuchukua mbegu ya ibridi?* Kuchukua unaweza, hakuna atakayekufunga. Lakini usitegemee itafanana. Usiitie kwenye chupa ya tomati ya zamani, utaiharibu.

*Tomati ndogo ya jalala iko na faida?* Ndiyo. Mara nyingi inavumilia pale kubwa zinashindwa, na watoto wanaipenda. Chagua miti mizuri na uipe bustani kama zingine.

*Kuvuta tumbako katika bustani kuna ubaya?* Kuna virusi vya tumbako vinavyoingia kwenye tomati kwa mikono. Nawa kwa sabuni mbele ya kugusa miche.

Kazi ya ushirika

Nyumba moja haiwezi kuchunga aina peke yake. Mafuriko, mbuzi wa jirani, ama usiku mmoja wa kukimbia, na chupa imekwenda. Ndiyo maana tunaomba kila ushirika ufanye mambo matatu mbele ya msimu A, yaani mbele ya mvua za Septemba.

La kwanza, ulizeni wazee. Katika kila kijiji kuna mama mmoja ama wawili ambao bado wako na tomati ya zamani, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Mwendeeni kwa heshima, muombe aeleze aina yake, inapenda wapi, inazaa miezi gani. Mwandike hayo yote kwenye daftari la ushirika pamoja na jina lake, juu mbegu hiyo ni kazi ya mikono yake.

La pili, kila aina ichungwe na nyumba mbili zisizo karibu, afadhali vijiji viwili. Mwisho wa msimu kila mmoja alete bahasha moja kwenye chupa ya ushirika. Anayekopa kijiko cha mbegu arudishe vijiko viwili, lakini mbegu za kamba nyekundu tu.

La tatu, kubadilishana kati ya wanachama ni kitu kizuri, lakini musiuze mbegu zenu kwa jina la mbegu iliyothibitishwa. Kazi ya kuthibitisha ni ya SENASEM. Ushirika unaotaka kuwa mzalishaji wa mbegu anayetambuliwa uende kuwaona mapema, mbele ya kupanda, si baada ya kuvuna.

Tukifika kwenu kwa mafunzo yanayofuata, hatutaomba kuona tomati kubwa kuliko zote. Tutaomba kuona miti iliyofungwa kitambaa chekundu, na daftari. Mwenye kuwa na aina ambayo wengine wamepoteza, alete tomati moja iliyoiva kabisa. Tutaikata pamoja, tutatoa mbegu pamoja, na kila ushirika utarudi nyumbani na bahasha.

Kazi njema, na mvua iwakute mukiwa tayari.